Mwongozo kamili: kuchukua sampuli za sumu kwa maiti na kuzifikisha kwa Mkemia bila kurudishwa

Damu ya moyoni iliyotiwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuhifadhi. Kipande cha ini kinachoelea kwenye formalini, dawa ya kukaushia vipande vya mwili. Lebo iliyoandikwa kwa peni ya kawaida, ikayeyuka kwa maji ya barafu. Fomu ambayo mbele ya "sumu inayoshukiwa" imeandikwa "haijulikani", basi. Makosa ni haya haya, mwaka nenda mwaka rudi, na kila moja linatosha kuifanya kazi nzima ya maabara isiwe na thamani mahakamani.

Kwetu visiwani kosa la namna hii halina dawa. Aliyefariki alfajiri huenda akawa kaburini baada ya Adhuhuri, na kufukua kaburi kunataka amri ya kisheria na kunauacha ukoo na kidonda. Nafasi yako ni moja tu, tena ya saa chache.

Mwongozo huu ni wa daktari wa hospitali ya wilaya, tabibu, fundi wa maabara, mhudumu wa mochwari na askari anayebeba sanduku hadi kwa Mkemia wa Serikali, ambako sampuli hupimwa. Haumfundishi mtu kupasua maiti; kazi hiyo ina wenyewe. Unaeleza nini kichukuliwe, kutoka wapi, kiwekwe ndani ya nini, na kifike kikiwa na hali gani.

## Vifaa vya kuandaa kabla maiti haijafika

- Bomba za sindano mpya za mililita 5, 10 na 20, pamoja na sindano nene za geji 16 hadi 20.
- Chupa za damu zenye kifuniko cha kijivu, na nyengine zenye kifuniko cha zambarau (za EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande).
- Makopo ya plastiki mapya yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Kopo la siagi ya karanga au chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa haifai, hata ikang'ara vipi.
- Chupa ndogo za kioo zinazofunga kabisa, kwa sumu zinazoruka hewani.
- Koleo za kubania mishipa na uzi mnene wa kufungia.
- Foili na bahasha za karatasi kwa nywele.
- Maka peni isiyofutika kwa maji, lebo za gundi, na lakiri au utepe wa kufungia wenye namba.
- Mifuko ya plastiki ya kufunga, karatasi za kunyonya majimaji, sanduku la baridi, vipande vya barafu na kipimajoto.
- Glovu jozi mbili kwa kila mtu, aproni, miwani, barakoa na buti.
- Hati ya Polisi ya kuomba uchunguzi, fomu ya sampuli na daftari la makabidhiano.

Spiriti ya kusafishia ngozi iondoe mezani kabisa. Sababu utaiona mbele.

Kuhusu chupa ya kijivu. Watu wengi huiamini kupita kiasi. Ile tunayotumia kupimia sukari ina floraidi ya sodiamu, dawa ya kuhifadhi, kiasi cha miligramu 2.5 kwa kila mililita ya damu. Kwa mtu aliye hai, ambaye damu yake itapimwa leo leo, hiyo inatosha. Damu ya maiti ina vijidudu vingi na safari yake ni ndefu, hivyo inahitaji asilimia 1 hadi 2, yaani miligramu 10 hadi 20 kwa kila mililita. Chupa ya mililita 10 itataka mpaka miligramu 200. Mwombe fundi wa maabara apime unga huo kwenye mizani na aziandae chupa mapema, aziandike, aziweke kabatini. Usimimine unga kwa kukisia pale mezani: floraidi yenyewe ni sumu.

## Hatua ya 1: Pata idhini, kisha pata habari

Usichome sindano kabla ya kuwa na hati ya Polisi yenye jina, sahihi na muhuri. Sampuli nzuri iliyochukuliwa bila mamlaka haina pa kwenda.

Familia nayo ina haki ya kuelezwa. Mara nyingi watakuja na sheha, na mara nyingi wanaogopa jambo moja: kupasuliwa. Zungumza na mkubwa wao, tena mkiwa mmekaa. "Mzee wangu, poleni kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sheria inatutaka tujue kilichomtoa kijana wetu. Tutamsitiri, na tukimaliza mtamuosha na kumsalia kama kawaida." Usiahidi saa usiyoweza kuitimiza. Na pale ambapo daktari na mpelelezi wameridhika kwamba uchunguzi wa nje na sampuli za sindano vinatosha, waambie hivyo. Damu ya paja, maji ya ndani ya jicho na mkojo huweza kupatikana bila kuufungua mwili.

Ndipo uulize, na hapa usiwe na haraka. Alionekana lini mara ya mwisho akiwa mzima? Alikula nini, na nani mwengine alikula sufuria moja naye? Alitapika, aliharisha, alitokwa na povu, alidhoofu miguu, au alilala tu? Alikuwa akitumia dawa gani, za hospitali na za mitishamba? Kazi yake ipi: mkulima wa mboga anayepulizia dawa, mvuvi, mlinzi anayelala karibu na jenereta? Kuna vidonge, chupa au karatasi yoyote iliyokutwa chumbani?

Kama alifia hospitali, pata orodha ya dawa alizopewa na saa zake. Bila ya hiyo, morfini au dawa ya ganzi aliyochomwa na daktari itaonekana kwenye majibu kama jambo la kutiliwa shaka.

Kisha kimbia maabara ya hospitali hiyo hiyo ukaulize damu ya kulazwa. Ile iliyotolewa alipofika akiwa hai, kabla ya dripu na kabla ya kifo, ina thamani kuliko yoyote utakayoipata mochwari. Maabara huzitupa baada ya siku chache ili kupata nafasi kwenye friji. Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote, na halihitaji hata sindano.

*Umefanikiwa ikiwa* una hati mkononi, ukurasa mmoja wa historia, orodha ya dawa za hospitali, na jibu la ndiyo au hapana kuhusu damu ya kulazwa.

## Hatua ya 2: Jilinde wewe kwanza

Fungua madirisha na washa feni inayotoa hewa nje. Vidonge vya kuhifadhia nafaka vyenye fosfidi ya alumini hukutana na maji na asidi ya tumboni vikatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaendelea kutoka hata baada ya mtu kufa. Sianidi nayo ni hivyo hivyo. Aliyefungua tumbo la maiti wa namna hiyo kwenye chumba kilichofungwa anaweza kuanguka yeye.

Usinuse kwa makusudi. Harufu ikikujia yenyewe, ya kitunguu saumu, ya samaki aliyeoza, ya mafuta ya taa, iandike, kisha sogea. Ukishuku sumu hizi, tumbo liwe la mwisho kufunguliwa.

## Hatua ya 3: Damu ya paja

Hii ndiyo sampuli kuu. Kama muda unakuruhusu kuchukua kitu kimoja tu, chukua hii.

Kwa nini paja, na moyo uko karibu? Mtu akifa, dawa zilizokuwa zimejificha kwenye mapafu, ini na misuli ya moyo huanza kuvuja kurudi kwenye damu iliyo jirani. Amitriptilini (ya sonona), digoksini (ya moyo) na klorokwini (ya malaria) zinajulikana kwa tabia hiyo. Damu ya moyoni inaweza kuonesha kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko alichokuwa nacho marehemu, na mtu aliyekuwa akimeza dawa yake vizuri akaonekana kajiua. Paja liko mbali na viungo hivyo, kwa hiyo damu yake hubadilika kidogo.

Namna ya kuichukua:

1. Panguza kinena kwa maji safi na ukaushe. Spiriti hapana: ni pombe, na itaingia kwenye chupa ikiwa imebebwa na ncha ya sindano.
2. Vena ya paja iko chini kidogo ya mkunjo wa kinena, upande wa ndani wa ateri. Kama mwili unafunguliwa, ifunue vena, ibane kwa koleo au ifunge kwa uzi upande wa tumboni, ndipo uchome chini ya kifundo. Kifundo hicho kinazuia damu ya tumboni isishuke.
3. Vuta polepole. Lenga mililita 10 hadi 20 kwa jumla.
4. Damu ikikata, hamia paja la pili. Usiukamue mguu, wala usiendelee kuvuta kwa nguvu pale ambapo vena haijafungwa: utakachopata ni damu ya tumboni yenye jina la paja.
5. Gawa: chupa mbili zenye floraidi, na moja ya zambarau. Pindua kila chupa taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ichanganyike. Usitikise.
6. Andika kwenye chupa: "damu, vena ya paja kulia" au "kushoto". "Damu" peke yake haitoshi.

Chupa ya zambarau si ya akiba. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfeti hupimwa pia kwa kuangalia kimeng'enya cha kolinesterasi kwenye damu, na floraidi hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Ukileta chupa za floraidi tupu, kipimo hicho umeshakifunga mlango.

Baada ya hapo, kifua kikishafunguliwa, chukua damu ya moyoni mililita 30 hadi 50. Hii ni ya kutafutia sumu ipi ipo, kwa sababu ni nyingi. Ya paja ni ya kupima kiasi. Usiichukue kwa kuchoma kifua kwa kubahatisha. Sindano inaweza kupitia kwenye umio au tumbo ukanyonya chakula pamoja na damu.

Maiti aliyeoza hana damu ya kuvuta. Kata msuli wa paja gramu 50 hadi 100. Majimaji yaliyojaa kifuani yanaweza kuchukuliwa, ila yaandikwe kwa jina lake, "majimaji ya kifuani". Yakiandikwa "damu" yatapimwa kama damu, na nambari itakayotoka itakuwa uongo.

Pombe inayozaliwa kwenye chupa. Kwa joto letu, umeme ukikatika na friji ya mochwari ikazimika, vijidudu na hamira vilivyomo kwenye damu hugeuza sukari kuwa pombe, mwilini na hata ndani ya chupa. Marehemu ambaye hakuwahi kuonja hata tembo la mnazi maishani mwake anaweza kuandikiwa alikutwa na pombe. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Unguja au Pemba karatasi hiyo inafanya nini kwa mjane, kwa watoto, na kwa wazee watakaoisikia msikitini. Ajali ya bodaboda inakuwa "alikuwa mlevi", na bima na kesi vinafuata mkondo huo. Floraidi ya kutosha, baridi, na maji ya jicho ndiyo kinga. Kati ya yote yaliyomo humu, kama kuna jambo ningetaka libandikwe ukutani, ni hili.

## Hatua ya 4: Maji ya ndani ya jicho

Jicho limefungika, liko mbali na utumbo, na vijidudu hulifikia wakiwa wamechelewa. Ndiyo maana likawa shahidi mzuri wa pombe. Mtu aliyekunywa kweli, baada ya pombe kusambaa mwilini, maji ya jicho lake huwa na pombe zaidi kidogo kuliko damu, takriban mara 1.2. Damu ikiwa na pombe na jicho likawa halina kabisa, shuku kwanza kwamba pombe hiyo imezaliwa baada ya kifo.

Choma kona ya nje ya jicho kwa sindano ya geji 18 hadi 20, ncha ielekee katikati ya tufe la jicho. Vuta polepole sana; ukivuta kwa nguvu utanyofoa chembe za retina na vipimo vya chumvi vitaharibika. Kila jicho hutoa mililita 2 hadi 3, maji maangavu yenye kunata kidogo. Yakitoka na damu, acha, nenda jicho la pili.

Maji ya jicho la kwanza yahifadhiwe kwa floraidi, kwa ajili ya pombe. Ya jicho la pili bila kitu chochote, kwa ajili ya chumvi, urea na sukari. Floraidi ya sodiamu ikiingia huko, kipimo cha sodiamu kitakuwa kinapima chupa yako.

Ukimaliza, jaza jicho kwa maji ya chumvi ya hospitali kiasi kile kile ulichotoa, lirudi umbo lake. Ndugu watamwangalia usoni kabla ya kumfunika sanda. Usiruke sehemu hii.

*Umefanikiwa ikiwa* una chupa mbili za maji safi, na uso hauoneshi kwamba umeguswa.

## Hatua ya 5: Mkojo

Chukua wote ulioko, hadi mililita 50, kwa kuchoma kibofu moja kwa moja kutoka juu. Sehemu moja itiwe floraidi, nyengine ibaki tupu.

Mkojo huonesha kilichopita mwilini siku kadhaa zilizopita, hauoneshi kilichokuwa kikifanya kazi saa ya kifo. Usiutumie kukisia kiwango. Na kama marehemu alikuwa na kisukari, andika kwa herufi kubwa kwenye fomu: mkojo wenye sukari na hamira hutengeneza pombe kwa wepesi sana.

Kibofu kikiwa kikavu, andika "mkojo haukupatikana". Nafasi tupu kwenye fomu husomwa kama uzembe.

## Hatua ya 6: Tumbo na kilichomo

Funga kwa uzi juu na chini kabla ya kulitoa, lisimwagike kwenye viungo vyengine. Lifungue juu ya chombo kisafi.

Pima ujazo wote na uuandike. Hapa ndipo hesabu nyingi hupotea: maabara ikikuta dawa kiasi fulani kwenye kila mililita, haiwezi kujua kama ni kidonge kimoja au arubaini bila kujua tumbo zima lilikuwa na mililita ngapi. Ikiwezekana peleka yote. Ikishindikana, koroga vizuri upeleke gramu 50. Vidonge, punje zenye rangi au mabaki ya majani yatolewe, yawekwe kwenye chupa yake peke yake. Usitie floraidi, wala formalini.

Rangi iandike kama unavyoiona: buluu, kijani, waridi. Dawa nyingi za panya na za wadudu hutiwa rangi kiwandani makusudi.

## Hatua ya 7: Ini na vyenginevyo

Ini gramu 50 hadi 100, kutoka ndani ya pande la kulia. La kushoto limelalia tumbo, na sumu iliyobaki tumboni hupenya kuingia humo baada ya kifo.

Figo gramu 50 kama unashuku madini mazito. Nyongo hadi mililita 10 kwa dawa za jamii ya afyuni, heroini ikiwemo. Nywele kwa sumu iliyolishwa kidogo kidogo kwa muda mrefu: fungu la unene wa penseli kutoka kisogoni, likatwe karibu kabisa na ngozi, lifungwe uzi upande wa mizizi, likunjwe kwenye foili. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mpimaji asipojua mzizi uko wapi hawezi kujua mwezi gani ni upi. Nywele na kucha zichukuliwe kabla ya josho.

Kila kiungo kiwe na kopo lake. Na narudia kwa wale wa mikono mizoefu: formalini ni ya vipande vya kuangalia kwa hadubini tu. Hubadilisha au huharibu dawa nyingi, na ndani yake kwa kawaida kuna methanoli, aina ya pombe yenye sumu.

## Kesi nne ambazo zina sharti lake

Jiko la mkaa au jenereta. Mtu kakutwa chumba kimefungwa, mabaka ya damu iliyotuama chini ya ngozi yake ni ya waridi mbichi. Shuku hewa ya kaboni monoksidi. Chukua damu, jaza chupa mpaka juu kabisa isibaki hewa, funga. Himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo ikizidi asilimia 50, mara nyingi ni ya kuua, lakini mzee au mgonjwa wa moyo hufa kwa chini ya hapo.

Chakula cha baharini. Machi 2024, Kisiwa Panza kule Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Sumu ya kasa haina dawa ya kuiondoa, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuitambua. Ushahidi unajengwa kwa historia, kwa orodha ya waliokula na wasiokula, kwa mabaki ya chakula, na kwa kuhakikisha kwamba si sumu nyengine. Kwa hiyo Daktari Dhamana wa Wilaya akipiga simu, jambo la kwanza mwambie sufuria isioshwe. Nyama, mchuzi na mifupa vigandishwe. Kumbuka pia kwamba kasa analindwa na sheria, na mtu anayeogopa kushtakiwa atakwambia "tulikula samaki". Muulize kama tabibu, askari akiwa amesimama mbali. Na wakisema bunju, mkojo ndio wa kuukimbilia, kwa sababu sumu yake hutoka kwa njia hiyo.

Pombe ya magendo. Methanoli huacha watu wakilalamika macho yao hayaoni kabla ya kufa. Damu ya paja, maji ya jicho na mkojo, vyote kwa floraidi, vifuniko vikaze. Kinywaji kilichobaki kifungwe kwenye chupa ya kioo na kisafiri kwenye sanduku lake. Kikivuja ndani ya sanduku moja na damu, umeiharibu kesi.

Mgeni anayesafirishwa kwao. Mtalii akifariki hotelini, kampuni ya kusafirisha maiti itataka kumchoma dawa ya kuhifadhi mwili haraka iwezekanavyo. Dawa hiyo ina formalini, na mara nyingi methanoli. Sampuli zote zichukuliwe kabla. Zikichelewa, peleka na chupa ya dawa yenyewe iliyotumika, Mkemia ajue nini ni cha marehemu na nini ni cha mhifadhi.

## Hatua ya 8: Lebo na lakiri

Lebo ibandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Iwe na jina na namba ya maiti, namba ya kesi, aina ya sampuli na mahali ilipotoka, tarehe na saa, dawa ya kuhifadhi iliyotiwa, na sahihi ya aliyechukua. Andika papo hapo, chupa moja baada ya moja. Anayepanga chupa kumi mezani akiandika mwishoni anategemea kumbukumbu, na wakili atamuuliza.

Pitisha utepe juu ya kifuniko ushuke hadi kwenye chupa pande zote mbili, weka sahihi ikate utepe na chupa. Kifuniko kikifunguliwa, sahihi ikatike.

Daftari la makabidhiano lina mistari mitatu tu ya maana: nani kakabidhi, nani kapokea, saa ngapi. Chupa ikilala ofisini kwa mtu usiku mmoja, usiku huo nao uandikwe, pamoja na friji gani na ufunguo alikuwa nao nani.

## Hatua ya 9: Fomu

Mkemia hana kipimo kimoja kinachoona sumu zote. Kuna mashine za kutafuta dawa, nyengine za pombe na vimiminika vinavyoruka, nyengine za madini. Ukiandika "sumu haijulikani" unamwambia atafute popote, kwa damu ya mililita 10.

Linganisha na fomu hii: "Mwanamume, miaka 34, mkulima wa nyanya. Alikutwa shambani, povu mdomoni, mboni ndogo sana, suruali imelowa mkojo. Chupa ya kiuatilifu isiyo na lebo ilikuwa karibu, imeambatanishwa kwenye sanduku la pili. Hospitali alipewa atropini saa 4 asubuhi. Hana kisukari. Mwili ulikaa saa 9 bila baridi." Mpimaji akiisoma anajua aanze wapi, na anajua atropini (dawa ya kutibu sumu hiyo) atakayoiona imetoka kwa nani.

## Hatua ya 10: Baridi na safari

Sampuli za siku moja mbili zikae nyuzi 4. Zikingoja zaidi, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Makopo yanayogandishwa yaachiwe nafasi kidogo juu, na kioo chenye majimaji mengi kisigandishwe: kitapasuka. Chupa ya zambarau, ile ya kolinesterasi, iende kwa baridi bila kuganda. Nywele hazitaki friji.

Kutoka Pemba, iwe kwa boti ya Mkoani au ndege ya Chake Chake, funga tabaka tatu: chupa, mfuko usiovuja wenye karatasi za kunyonya za kutosha kumeza majimaji yote, kisha sanduku gumu. Vipande vya barafu visiguse chupa moja kwa moja. Barafu ya kawaida ya samaki, ile ya kuvunjavunja, huyeyuka na kuogesha lebo. Tumia ile iliyofungwa kwenye plastiki.

Sanduku lisiwekwe sitahani na mizigo, wala nahodha asiombwe "akufikishie". Abebe aliyeandikwa daftarini, akae nalo miguuni. Piga simu mapema mpokeaji ajue siku na saa, hasa ukisafiri Ijumaa. Sanduku linalofika ofisi zimefungwa litangoja hadi Jumatatu, na barafu haingoji.

*Umefanikiwa ikiwa* kipimajoto ndani ya sanduku bado kiko chini ya nyuzi 8 linapofunguliwa, lakiri zote ni nzima, na idadi ya chupa ni sawa na iliyoandikwa. Usiondoke mpaka mpokeaji ahesabu mbele yako na kutia sahihi.

## Majibu yakirudi

"Hakuna sumu iliyobainika" maana yake ni kwamba zile zilizotafutwa hazikuonekana. Omba orodha ya zilizotafutwa kabla ya kuifunga kesi. Na dawa kuonekana si sawa na dawa kuua: kiwango husomwa pamoja na alichokikuta daktari mwilini, magonjwa ya marehemu na mazoea yake. Anayetumia morfini kwa maumivu ya saratani miezi mitatu anaweza kutembea na kiwango ambacho kingemuua jirani yake.

Chupa ya pili ya floraidi iliyobaki irudi friza ikiwa na lakiri yake, ikae huko mpaka mwendesha mashtaka aandike kwamba haihitajiki tena. Upande wa utetezi una haki ya kuomba ipimwe upya, na siku hiyo watakuuliza kwanza daftari, chupa baadaye.